Nilivaa Montre ya Moyo ya Bibi Yangu

Mimi njo mwenye kosa. Ninaanza na hiyo juu ninajijua: mudomo yangu inazunguka sana, na kama sikuisema kwanza nitafika mwisho ya karatasi bila kuisema. Si muganga. Si mashine. Ni mimi.

Sasa munivumilie. Niko muzee, nilisoma mpaka mwaka ya tatu ya primere, na hata hiyo ya tatu mwalimu alinihurumia tu. Siwezi kuingia mu habari na mulango ya mbele. Inanipasa nizunguke nyumba kwanza.

Wakati nilikuwa kijana, ndevu inaanza kuota, baba yangu alikuwa na ng'ombe moja muzee, jina yake Gaju. Gaju alizaa mara mingi, jicho moja ilikuwa imekufa, na alikuwa na tabia ya kupotelea mu mabonde akitafuta majani laini. Kwa hiyo baba alimufunga kengele ku shingo. Baba mwenyewe miguu ilikuwa inamuuma. Alikaa mbele ya nyumba na kibuyu yake ya maziwa, akisikiliza mulima. Akisikia ile ngo-ngo-ngo, anasema, "Gaju iko muzima." Njo kazi yake ya siku muzima: kusikiliza.

Na mimi nilikuwa na ng'ombe yangu, zawadi ya mujomba, mweusi na nyota nyeupe ku uso. Eh, ile ng'ombe! Kama ungemuona ungeuza shamba. Basi nilikuwa ninamutoa Gaju kengele yake, ninaifunga ku shingo ya mweusi wangu, juu mabinti benye balikuwa banashuka kuchota maji basikie vile ng'ombe yangu anatembea. Jioni ninairudisha. Baba hakujua.

Siku moja Gaju alizama mu matope ya bonde. Alikufa polepole, tangu asubuhi mpaka jua inaanguka. Na baba siku ile yote alikaa mbele ya nyumba, anasikia kengele, roho yake imetulia.

Munafikiri alinipiga? Hapana. Aliniangalia tu, akasema, "Umenikalisha hapa nisikilize uongo."

Nikasema pardon, nikasahau. Kijana anasahau haraka. Basi nimuache Gaju apumzike.

Bibi yangu, mama ya batoto yangu, tulioana wakati kanisa yetu ilikuwa ya majani. Tulikimbia naye vita mara ngapi, sijui tena. Kila mara tunarudi Kitshanga, tunajenga upya, ananunua ndama moja, tunaanza tena kuuza maziwa. Alikuwa mwanamuke wa kicheko. Anacheka mpaka anashikilia mbavu. Halafu miaka hii ya mwisho kicheko ikaanza kumukata pumzi. Akipanda kilima kidogo tu, anasimama, anaweka mukono ku kifua, anasema, "Mungoje, kuko mutu ndani yangu anapiga ngoma vibaya."

Binti yetu anakaa Goma. Nitamuita Neema hapa, si jina yake. Anafua mashuka ku hopitali moja. Alimushusha mama yake kule, dokta akasikiliza, akasema moyo imechoka, inakimbia bila mupango, na siku moja inaweza kusimama gafula. Akapewa dawa. Na dokta yule alikuwa na montre za kujaribisha, saa ya kuvaa ku mukono, anagawia wagonjwa wachache benye banakaa mbali. Neema alimulilia mpaka akapata moja.

Ile montre! Nyeusi, uso yake inang'aa kama macho ya paka, na chini kuko taa ndogo ya kijani yenye inalamba ngozi. Iko na kadi ya simu ndani yake. Hiyo taa inasoma moyo, inatuma kwa Neema, na Neema kule Goma anaona ku telefone yake moyo ya mama yake inapanda na kushuka kama mustari ya vilima. Na moyo ikifanya ujinga, telefone ya Neema inalia sana. Hapo anaita muganga ya kituo chetu ya afya, yule mwenye anakaa chini karibu na daraja, na muganga anapanda na pikipiki na sindano yake.

Musifikiri ni hadithi. Musimu ya mvua, Mama, njo vile ninaita bibi yangu, alikuwa anakamua, akaona giza. Mimi nilikuwa pale pale ku mulango ya zizi nabishana na jirani juu ya ukuta, sikuona kitu. Neema aliona, toka Goma! Mbele nimalize bishano yangu, pikipiki ya muganga ilikuwa imeingia mu lupango, ndani ya uzio yetu. Mama alipona. Jioni alikuwa anacheka: "Bwana yangu iko hatua mbili, hanioni. Mutoto yangu iko mbali siku nzima ya barabara, ananiona!"

Kwa hiyo nilijua. Ninawaambia nilijua ile kitu inafanya kazi gani. Hakuna mutu atasema muzee hakuelewa.

Sasa, ubaya ilianza hivi. Siku ya soko, Mama alikuwa ameilaza montre ku panneau ya jua ijae umeme. Ilikuwa imejaa. Nikaijaribu ku mukono yangu. Wee! Ilinikaa kama nilizaliwa nayo. Nikamuambia, "Mama Neema, niende nayo soko kidogo tu, nirudi."

Akacheka. "Papa, moyo yangu itaenda soko bila mimi?"

"Itakuletea chumvi."

"Basi iende. Lakini isinywe pombe ya kasiksi kule!"

Nikaenda. Jamani, soko yote iliniona. Bachuuzi ya ng'ombe banaita: "Muzee wa montre! Siku hizi uko mushefu ya wapi?" Nilikuwa ninainua mukono kuangalia saa hata wakati sikuwa na haraka ya kitu.

Jioni Neema akapiga simu. "Mama! Leo umetembea! Hatua mingi sana, na moyo imetulia kabisa! Dokta anashangaa!"

Hapo njo ingekuwa mwisho. Ingetosha Mama aseme, "Ni papa yako, ule mujinga." Aliniangalia. Nilimufanyia alama ya mukono, nyamaza. Akafunika mudomo na kitenge, mabega inacheka, akasema, "Ndiyo mwanangu, nilienda soko."

Alidanganya juu yangu. Mwanamuke mwenye hajadanganya hata mukopeshaji ya chumvi!

Na siku ya soko yenye ilifuata, nikaivaa tena. Na ingine. Na siku moja ya kanisa. Na matanga ya jirani fulani. Neema akawa anafurahi: mama yake anapona, siku zingine moyo yake ni kama ya mutu wa kulima. Dokta akasema safari ya kushuka Goma kubadilisha dawa inaweza kungoja, barabara iko mubaya, mama aendelee tu hivyo.

Moyo yenye dokta alikuwa anasifu ilikuwa yangu. Moyo ya muzee mwenye afya na bila haya.

Ninafika ku siku yenyewe. Kalamu inakuwa nzito.

Kwetu, kijana akitaka kuoa, hajisemei. Bazee banaenda ku bakwe, na kati yao kuko musemaji. Musemaji njo anajua kuzungusha maneno: anaomba maji kumbe anaomba binti, anaulizia ndama yenye ilipotelea mu zizi yenu kumbe anamaanisha bibi-arusi. Ile kazi ni yangu tangu zamani. Toka Kitshanga mpaka Kalembe, kama kuko dote, mahari ya kupatana, banatafuta mudomo yangu. Na ile siku tulikuwa tunaenda Kalembe kuombea mutoto ya kaka yangu.

Asubuhi nilivaa koti, kofia, nikashika fimbo. Nikamuangalia Mama. Alikuwa anaanika maharagi mbele ya nyumba, montre iko ku mukono yake.

Akaona macho yangu. Akasema kwa upole, "Papa, leo uniachie. Kifua inanibana kidogo."

"Inabana namna gani?"

"Kidogo. Kama kitenge yenye banafunga sana."

Na mimi, Mungu anisamehe kama ataweza, nikasema, "Mama Neema, leo niko musemaji. Nisimame mbele ya bakwe na mukono mutupu, kama muchunga wa ng'ombe ya bantu? Mpaka jioni tu. Jirani iko hapa."

Hakubisha. Angebisha ningemuachia! Ninajisemea hivyo, sijui kama ni kweli. Akaifungua mwenyewe. Mimi sikuweza kukaza ule mukanda, vidole yangu ni minene, kwa hiyo yeye njo alinifunga. Vidole yake ilikuwa baridi. Nilisikia ile baridi. Ninaisikia na sasa, pale pale ku mukono, wakati ninaandika.

Akasema, "Haya, uende muzuri, musemaji yangu."

Kule Kalembe nilizima telefone yangu. Musemaji mwenye telefone yake inalia katikati ya maneno anakuwa kichekesho. Tulipokelewa vizuri. Bakwe walikuwa na mutu yao wa maneno, muzee mukali, meno mbili tu lakini zote zinauma. Aliona montre. Wakati jua iko kichwani kabisa, tunabishana juu ya ng'ombe, akaniuliza mbele ya bantu yote: "Kaka, hiyo sahani yenye umefunga ku mukono, inasema saa ngapi?"

Nikainua mukono juu, polepole, bote baone. Nikasema, "Inasema ni saa ya kutupatia binti!"

Nyumba yote ikapasuka na kicheko. Hata bibi-arusi nyuma ya pazia, tulisikia anacheka. Ule muzee mwenyewe alinipiga bega. "Umenishinda, wewe mwizi!" Na mimi niliangalia uso ya montre, nikaona kamoyo kale kadogo kanaruka-ruka, kanaruka na furaha.

Ilikuwa saa ile. Jirani alinihesabia baadaye: batoto ya masomo walikuwa banarudi nyumbani, jua kichwani. Alipita kuomba moto, akamukuta Mama ameanguka juu ya maharagi, mukono moja ku kifua. Alikuwa anapumua bado. Jirani, telefone yake haina umeme, alikimbia na miguu mpaka kwa muganga, juu hakuna mwenye alikuwa ameita muganga. Nani angeita? Telefone ya Neema ilikuwa imenyamaza. Muganga alikuja naye ku pikipiki; jirani akashika mukono ya Mama, muganga akapiga magoti mu maharagi, akasukuma kifua, akasukuma, akasukuma. Halafu akamufunika uso.

Na Neema? Ninajua hii juu alinisimulia yeye mwenyewe. Mchana ule alikuwa na mashaka, hakujua juu ya nini. Alipiga telefone ya mama yake. Haikujibiwa. Akapiga tena. Halafu akaangalia montre. Akaona moyo inapiga muzuri, tena na nguvu. Akasema, "Eh, Mama iko mu shamba," akarudi ku mashuka yake.

Umenikalisha hapa nisikilize uongo. Baba, ningekusikiliza wewe!

Tulirudi ku jioni tukiimba. Tulikuwa tumepewa binti. Toka mbali niliona bantu mingi mu lupango yangu, nikasema, wamekuja kutupongeza. Ndiyo! Nilifikiri hivyo! Nikainua fimbo. Hakuna mwenye aliinua mukono.

Kwetu hatuwaambii batoto kifo ku telefone mbele mwenye nyumba afike. Walikuwa wananingoja mimi. Walinipigia mara mingi, telefone imezimwa. Waliniingiza mu chumba. Nikawaambia baniache na bibi yangu kidogo. Walitoka. Njo heshima.

Niliketi. Sikulia kwanza. Niliona ule mukono yake mutupu, na alama nyeupe pale montre ilikuwa inakaa. Nikasema ndani yangu: Neema akija kesho ataona. Ataniuliza. Nikaifungua montre ku mukono yangu, na ile mukanda yenye asubuhi ilinishinda, safari hii vidole yangu iliweza. Nikaifunga ku mukono ya maiti.

Taa ya kijani ikawaka. Ikatafuta. Ikatafuta tena. Halafu ikawa nyekundu.

Telefone ya jirani ikalia inje. Nilisikia sauti ya Neema mpaka mu chumba, akipiga kelele: "Mama Jirani! Kimbia! Moyo ya Mama imesimama! Sasa hivi, imesimama sasa hivi! Ita muganga!"

Na jirani, masikini, anasema, "Mutoto yangu... mutoto yangu, Mama alituacha tangu mchana."

"Uongo! Niliona moyo yake! Ilikuwa inapiga sasa hivi!"

Alifika kesho yake na camion, lori ya mboga. Hakuniangukia mu mikono. Alienda kwanza kwa mama yake, akatazama mukono, akakuta montre. Akaigusa. Akalia kilio yenye sijasikia hata mu vita. Tukazika. Na baada ya kuzika, akatoa telefone, akaonyesha familia ule mustari ya vilima. "Muone. Hii ni mchana. Muganga anasema alikufa hapa. Muone, moyo inapiga! Inapiga, inapiga, mpaka hapa, jioni. Mulimufunika uso akiwa muzima! Masaa yote ile alikuwa muzima chini ya kitambaa, na mulikuwa munapika bugali ya matanga!"

Bantu waliangalia ule mustari. Mashine ya Goma haidanganyi. Banamuke walianza kulia upya, ingine aina ya kulia. Na macho yote ikamugeukia muganga.

Walimuita mbele ya familia. Alikuja na kofia yake mu mikono, mutu mupole, alitoa batoto yetu yote mu tumbo ya mama zao. "Mutoto yangu, nilisikiliza. Nilishika shingo. Nilisukuma kifua mpaka mikono yangu ilikufa."

"Ulisikiliza na nini? Na masikio ya kunywa?" Kaka yangu aliuliza hivyo. Kaka yangu mwenye nilimuombea mutoto yake bibi!

"Ninaapa mbele ya Mungu."

Neema hakumutukana. Ingekuwa heri atukane. Alimuuliza tu, sauti ndogo, "Chini ya kile kitambaa, alikuwa ananiita?"

Niachie hapo mara moja nionye bantu, juu kisha sitakuwa na nguvu.

Ninyi benye muko na wazazi wagonjwa, mukiwaletea mashine ya kuchunga moyo, muwafundishe na wale benye banakaa nao. Muwaambie: hii si pambo, hii ni jicho ya mutoto. Ninyi wazee wenzangu, musivae kitu yenye inasemea mutu mwingine. Kama ulishavaa, sema. Sema siku ile ile, bakucheke. Kicheko haijaua mutu. Na ukisikia vidole ya bibi yako ni baridi, ubaki nyumbani. Bakwe watangoja.

Na wewe Neema, kama karatasi hii itasomwa mahali uko: mama yako hakuwa muzima chini ya kile kitambaa. Alikufa mchana, juu ya maharagi, na jirani alikuwa amemushika mukono. Moyo yenye uliona mpaka jioni ilikuwa yangu. Muganga hana kosa. Umuombe msamaha juu yangu.

Basi. Walikuwa wote mu lupango, wamekaa ku viti ya kanisa. Muganga amesimama katikati. Kaka yangu akanigeukia, akasema, "Muzee, wewe njo musemaji. Wewe njo bwana yake. Tunangoja neno yako."

Nikasimama. Bote wakanyamaza, juu nikisimama mimi bantu wananyamaza, miaka yote ilikuwa hivyo. Neema aliinua macho. Muganga naye aliinua macho, na niliona ananitumainia.

Nikasema, "Ninaenda kuangalia ng'ombe."

Nikapita kati ya viti. Nikapita zizi, ng'ombe waliinua vichwa. Nikashika barabara ya Kalembe, na koti yangu ya musemaji, bila fimbo, bila kofia. Nyuma yangu nilisikia Neema anaita, "Papa? Papa, unaenda wapi?" Sikugeuka. Nilipita Kalembe, nilipita muzee mwenye meno mbili akinisalimia ku mulango yake, nikaingia upande ya Walikale, mpaka hapa Kashebere, kwenye hakuna mutu anajua kama niko na maneno.

Sijarudi.